Peni Kubwa ya Uingereza na Mwanzo wa Kukusanya Sarafu

Sarafu ni miongoni mwa hati ndogo kabisa ambazo dola huzitoa, nayo hupita katika mikono mingi kuliko sheria au tangazo lolote la serikali. Juu yake huandikwa jina la mtawala, cheo chake, imani anayodai kuilinda, nchi anazodai kuzimiliki, thamani ya kipande chenyewe na mwaka kilipopigwa, na yote hayo hubanwa ndani ya duara lisilozidi upana wa vidole viwili. Elimu inayochunguza hati hizo huitwa numismatiki, yaani elimu ya sarafu, na mtu anayezikusanya kwa mpango, akaziainisha, akaandika habari zake na kuzitunza, huwa ameingia katika elimu hiyo hata kama hajapata kukaa darasani kwa ajili yake. Mhadhara huu unahusu sarafu za Uingereza na jinsi mtu anavyoweza kuanza kuzikusanya, na hoja yake ni moja: anayeanza asianzie kwenye dhahabu wala kwenye vipande adimu vinavyogombewa minadani, bali aanzie kwenye peni kubwa ya bronzi, iliyotumika tangu mwaka 1860 hadi 1971, kwa sababu hakuna sarafu nyingine ya Uingereza inayofundisha mengi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Uwanja wenyewe ni mpana, na upana huo ndio unaowashinda wengi. Sarafu zilipigwa katika kisiwa cha Britania hata kabla ya Warumi kukivamia mwaka 43 baada ya Kristo. Zikafuata za Warumi wenyewe, kisha za falme za Waanglo-Saksoni, ambapo katika karne ya 8 mfalme Offa wa Mercia aliieneza peni ya madini ya fedha iliyobaki kuwa sarafu kuu ya nchi hiyo kwa karne nyingi. Jina la Offa huyohuyo limo katika kipande kimoja cha ajabu kilichohifadhiwa British Museum mjini London, nacho ni dinari ya dhahabu iliyoigwa kutoka dinari ya khalifa wa Bani Abbas, al-Mansur, ya mwaka 157 wa Hijria. Maandishi yake ni ya Kiarabu, maneno ya tauhidi yakiwemo, na katikati yake yameingizwa kwa herufi za Kilatini jina la Offa na cheo chake cha ufalme, yakiwa yamesimama juu chini yakilinganishwa na Kiarabu kinachoyazunguka, jambo linaloonyesha kwamba fundi aliyechonga muhuri hakujua kusoma alichokuwa akikinakili. Mtoto wa Lamu au Unguja aliyesoma chuoni angeifahamu sarafu hiyo kuliko watu wa nchi ilikopigwa. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba historia ya sarafu za Uingereza haikuwahi kuwa ya Waingereza peke yao, na kwamba anayetaka kuikusanya yote kwa mara moja atamaliza fedha zake na muda wake kabla ya kujua ameshika nini.

Kwa hiyo wakusanyaji hujiwekea mipaka. Wapo wanaokusanya kwa aina, yaani kupata kipande kimoja kwa kila umbo na kila sura ya mtawala; wapo wanaokusanya kwa mwaka, yaani kutafuta kila tarehe ya sarafu moja tu; na wapo wanaoshika zama za mfalme mmoja na kuzichimba mpaka mwisho. Peni kubwa inakubali njia zote tatu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuitanguliza.

Ili kuielewa, ni lazima kwanza kuuelewa mfumo wa fedha ilimokuwa. Mpaka tarehe 15 Februari 1971, pauni moja ya Uingereza iligawanywa katika shilingi 20, kila shilingi katika peni 12, na kila peni katika fathingi 4, hivyo kwamba pauni ilikuwa na peni 240. Katika maandishi pauni iliwakilishwa kwa alama inayotokana na herufi L, shilingi kwa herufi s, na peni, kwa namna inayomshangaza mgeni, kwa herufi d, kwa kuwa herufi hizo ni vifupisho vya majina ya Kilatini, na d ni ya denarius, neno lilelile lililozaa dinari ya Waarabu. Kati ya fathingi na pauni palikuwa na msururu wa sarafu: nusu peni, peni, peni tatu, peni sita, shilingi, florini ya shilingi 2, nusu krauni ya shilingi 2 na peni 6, krauni ya shilingi 5, na juu yake dhahabu, yaani nusu sovereni na sovereni. Sarafu hizo zote huitwa za kabla ya desimali, na zile zilizohesabiwa kwa mamia huitwa za desimali. Florini yenyewe ilitolewa mwaka 1849 kama hatua ya kwanza ya kuelekea hesabu ya desimali, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya 10 ya pauni, lakini ilichukua miaka 122 kuikamilisha safari hiyo. Afrika Mashariki ilitangulia: shilingi iliyotolewa huku mwaka 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake London, iligawanywa tangu siku ya kwanza katika senti 100, nusu karne kabla ya watawala wenyewe kuachana na peni zao 12.

Kuhusu sarafu nyeupe, yatosha hapa kukumbuka miaka miwili. Hadi mwaka 1920 shilingi na wenzake walikuwa na madini ya fedha kwa asilimia 92.5, kuanzia mwaka huo kiwango kilishushwa hadi asilimia 50, na kuanzia 1947 fedha iliondolewa kabisa katika sarafu za matumizi, ikaingia kupronikeli, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Nusu krauni ya 1919, ya 1946 na ya 1947 zikiwekwa pamoja mezani zinasimulia gharama za vita viwili vya dunia, moja baada ya nyingine.

Peni ya bronzi ilianza mwaka 1860. Kabla yake palikuwa na peni za shaba tupu, nazo zilikuwa nzito. Ile iliyopigwa na Matthew Boulton mwaka 1797 katika kiwanda chake cha Soho karibu na Birmingham, kwa mashine zilizoendeshwa na mvuke, ilikuwa na uzito wa aunsi nzima, takribani gramu 28, kwa kuwa wakati huo bado iliaminiwa kwamba sarafu inapaswa kubeba ndani yake madini yenye thamani inayokaribia ile iliyoandikwa juu yake. Peni ya 1860 iliachana na imani hiyo. Ilitengenezwa kwa bronzi, yaani shaba asilimia 95 iliyochanganywa na bati asilimia 4 na zinki asilimia 1, mchanganyiko mgumu unaostahimili msuguano kuliko shaba tupu, na uzito wake ulishushwa hadi gramu 9.4, kiasi kwamba peni 48 zilitimiza ratili moja, na peni 240, yaani pauni nzima, zilitimiza ratili 5. Upana wake ulikuwa milimita 30.8, na nusu peni iliyoambatana nayo ilikuwa na upana wa inchi moja kamili. Vipimo hivyo havikubadilishwa mpaka peni hiyo ilipoondolewa katika matumizi mwaka 1971, na matokeo yake ni kwamba mtu wa London mwaka 1965 aliweza kupewa chenji ya peni ya Elizabeth II pamoja na ya Victoria iliyopigwa miaka 80 nyuma, zikiwa na ukubwa uleule na thamani ileile.

Upande mmoja wa peni una kichwa cha mtawala. Victoria anaonekana kwanza akiwa kijana, nywele zake zimefungwa fundo kisogoni, katika sura iliyochongwa na Leonard Charles Wyon na kutumiwa hadi 1894. Kisha, kuanzia 1895, anaonekana mjane mzee mwenye ushungi, kazi ya Thomas Brock. Baada yake wanafuata Edward VII, George V, George VI na Elizabeth II. Watawala hao watano, kwa sura sita, ndio mkusanyo mdogo kabisa wa peni kubwa kwa aina, na unaweza kukamilishwa kwa vipande vya kawaida visivyo na bei ya kutisha. Anayevipanga kwa mfululizo ataona pia kwamba nyuso zinapishana: Victoria anatazama kushoto, Edward VII kulia, George V kushoto. Desturi hiyo, inayomtaka kila mtawala atazame upande ulio kinyume na aliyemtangulia, ilianza zama za Charles II katika karne ya 17, na bado inafuatwa, kwani Elizabeth II alitazama kulia na Charles III anatazama kushoto. Lakini George VI naye anatazama kushoto, kama George V. Aliyekuwa kati yao, Edward VIII, ametoweka, na nafasi yake itarejewa baadaye.

Kinachozunguka kichwa ndicho chenye utajiri mkubwa zaidi, na ndicho kinachopuuzwa zaidi na wanaoanza kwa kuwa kimeandikwa kwa Kilatini na kwa vifupisho. Katika peni ya George V maandishi yanasema kwamba yeye ni mfalme kwa neema ya Mungu, DEI GRA. Mfalme wa Britania zote, BRITT OMN REX. Mlinzi wa imani, FID DEF. Na mtawala mkuu wa India, IND IMP. Herufi T mbili katika BRITT si kosa la fundi, bali ni kanuni ya Kilatini ya kurudia konsonanti ili kuonyesha wingi. Cheo cha mlinzi wa imani alipewa Henry VIII na Papa mwaka 1521, kabla hawajafarakana, na wafalme waliomfuata wakakishikilia hata baada ya Uingereza kuachana na Roma. Florini ya 1849 ilipotolewa bila maneno ya neema ya Mungu, watu walikasirika kiasi kwamba sura yake ilibadilishwa, na wakusanyaji wanaiita hadi leo florini isiyo na Mungu.

Maneno IND IMP yana safari yake. Victoria alichukua cheo cha malkia mkuu wa India mwaka 1876, lakini hakikuandikwa katika sarafu za Uingereza kwenyewe mpaka 1893. Kikakaa humo chini ya wafalme watatu waliomfuata. India ikajitawala mwaka 1947, na kuanzia peni ya 1949 maneno hayo hayapo tena. Peni ya kwanza ya Elizabeth II, ya mwaka 1953, ilikuwa bado na BRITT OMN, yaani Britania zote. Katika sarafu za mwaka uliofuata maneno hayo nayo yakaondolewa, kwa kuwa nchi zilizokuwa zikimkubali malkia huyo hazikutaka tena kuhesabiwa chini ya jina la Britania. Mtu akiwa na peni nne tu, ya 1894, ya 1902, ya 1948 na ya 1953, ameshika kupanda na kushuka kwa dola iliyotawala Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, imeandikwa na dola yenyewe kwa mkono wake. Vitabu vingi vimeeleza habari hiyo kwa kurasa nyingi. Peni inaieleza kwa kufuta maneno mawili.

Upande wa pili amekaa Britannia, mwanamke anayewakilisha nchi, mwenye mkuki wa ncha tatu na ngao, ambaye ameonekana katika sarafu za shaba za Uingereza tangu mwaka 1672. Katika peni za mwanzo za bronzi ana mnara wa taa ya bahari upande mmoja na jahazi upande mwingine. Mwaka 1895 vyote viwili viliondolewa. Mwaka 1937 mnara ukarudi, jahazi halikurudi. Mwaka 1902 baadhi ya peni zilipigwa kwa muhuri ambao mstari wa bahari uko chini kidogo kuliko kawaida, nazo huitwa peni za maji kupwa, neno ambalo mtu wa pwani halihitaji kufafanuliwa. Katika peni za mwanzo za George V huonekana kivuli cha kichwa cha mfalme kikitokeza nyuma ya Britannia, kwa sababu kichwa kilichongwa kwa kina na kikavuta madini mengi wakati wa kupigwa, tatizo ambalo wataalamu wa kiwanda walihangaika nalo mpaka kichwa kikapunguzwa mwaka 1928. Jicho lililozoea kutafuta tofauti ndogo kama hizi katika kipande cha bei nafuu litakuwa tayari siku litakapokutana na kipande cha bei kubwa.

Chini, kando ya tarehe, baadhi ya peni zina herufi ndogo. Royal Mint, kiwanda cha kifalme cha kupiga sarafu, kilikuwa wakati huo London, na kilipozidiwa na kazi kiliagiza peni kutoka viwanda binafsi vya Birmingham. Herufi H ni ya kiwanda cha familia ya Heaton, ambacho mwaka 1850 kilinunua mashine za kile kiwanda cha Soho cha Boulton, nayo hupatikana katika baadhi ya miaka ya Victoria, na katika 1912, 1918 na 1919. Herufi KN ni ya kampuni ya King's Norton, katika 1918 na 1919. Msomaji wa Afrika Mashariki azitazame herufi hizo kwa makini, kwani atazikuta tena karibu naye: senti 5 na senti 10 za ukoloni, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu, nyingi zilipigwa katika viwanda hivyohivyo viwili na zina alama hizohizo.

Na hapo ndipo anapopatikana Edward VIII. Mfalme huyo alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti kabla ya sarafu zake kuanza kutumika nchini mwake. Mihuri ilikuwa imechongwa, naye alikuwa amekataa kutazama kulia kama desturi ilivyomtaka, akishikilia kwamba upande wa kushoto wa uso wake ndio mzuri; ndiyo maana George VI alirudi kutazama kushoto, kana kwamba kaka yake alitii. Vipande vichache vya majaribio vya peni tatu za pande 12 vilikuwa vimepelekwa kwa watengenezaji wa mashine za kuuzia bidhaa, na baadhi havikurudishwa. Mbali na hivyo, sarafu za Uingereza za Edward VIII ni vitu vya makumbusho na vya matajiri. Lakini sarafu zenye tundu za makoloni hazikuwa na nafasi ya uso wa mfalme, zilikuwa na taji na jina tu, na kwa hiyo zilitengenezwa bila kusubiri sura ikamilike. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la EDWARDVS VIII zilipigwa kwa wingi, zikatumika sokoni Nairobi, Tanga na Entebbe, na mpaka leo hupatikana kwa bei ndogo. Jina ambalo mkusanyaji wa Uingereza hawezi kulipata katika peni ya nchi yake, mtu wa Afrika Mashariki anaweza kulikuta katika kopo la bibi yake.

Miaka ya peni nayo haifuatani bila mapengo, na mapengo hayo yana sababu. Hakuna peni za matumizi za 1923 hadi 1925, wala za 1941 hadi 1943 kwa ajili ya Uingereza, kwa kuwa zilizokuwepo zilitosha. Peni ya 1933 ndiyo mashuhuri kuliko zote: mwaka huo benki zilikuwa na akiba ya kutosha, hivyo zilipigwa chache tu, zinazohesabiwa kuwa zipatazo saba, baadhi yake ili ziwekwe chini ya mawe ya msingi ya majengo. Peni za 1950 na 1951 ni chache, na za pili zilipigwa 120,000 tu. Baada ya 1953 hazikupigwa tena kwa matumizi mpaka 1961, kisha zikaendelea hadi tarehe ya 1967. Kwa anayekusanya kwa mwaka, kipindi cha 1937 hadi 1967 ni lengo zuri la kuanzia, kwani ukiondoa miwili hiyo iliyotajwa, karibu kila mwaka hupatikana kwa urahisi. Kuhangaikia peni ya 1933 ni kupoteza muda, na ni hatari pia, kwa sababu wapo wanaobadilisha tarakimu ya mwisho katika peni ya mwaka mwingine wa George V na kuiuza kwa jina hilo.

Bei ya sarafu hutegemea mambo mawili yanayokutana, uhaba wake na hali yake, na kwa anayeanza hali ndiyo ngumu zaidi kujifunza. Wauzaji wa Uingereza hutumia vifupisho vinne vikuu: F kwa sarafu iliyochakaa lakini yenye maandishi na umbo linalosomeka, VF kwa iliyotumika kidogo na bado ina sehemu kubwa ya nakshi, EF kwa iliyoguswa na matumizi mahali palipoinuka tu, na UNC kwa ile ambayo haijapata kutumika. Katika peni uchakavu huanzia kwenye nywele zilizo juu ya sikio la mtawala, na upande wa pili kwenye kifua na goti la Britannia, na hapo ndipo macho yaende kwanza. Tofauti ya daraja moja yaweza kuzidisha bei mara kadhaa, na daraja lililoandikwa na muuzaji ni maoni ya muuzaji. Ni afadhali kununua peni moja ya VF kuliko kumi zilizofutika, isipokuwa zile zilizofutika zimekuja bure.

Kosa kubwa kupita yote ni kusafisha. Bronzi inapokaa hujenga juu yake utando wa kahawia unaoilinda na unaoshuhudia umri wake, na mtu anayeisugua kwa limau, majivu, dawa ya meno au kitambaa cha kung'arishia huondoa utando huo pamoja na sehemu ya nakshi, akabaki na kipande chekundu chenye mikwaruzo ambacho hakuna mkusanyaji makini atakayekitaka. Peni za 1944 hadi 1946 zilitiwa weusi kwa kemikali kiwandani kabla ya kutolewa, na wengi wamezisugua wakidhani ni uchafu. Sarafu ishikwe kwa kingo zake, juu ya kitambaa laini, isiguswe uso wake kwa vidole, kwa kuwa jasho huacha alama isiyotoka. Isihifadhiwe katika mifuko ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa kemikali na kuacha utelezi wa kijani; bahasha za karatasi isiyo na asidi au vibweta vya plastiki ngumu vinafaa. Aishiye pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevunyevu, aweke pamoja nazo vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na avibadilishe mara kwa mara.

Vyombo vya kazi si vingi: lenzi ya kukuza mara kumi, mizani inayopima hadi sehemu ya 10 ya gramu, rula ya milimita au kalipa, sumaku, na daftari. Mizani na sumaku ni mashahidi wasiodanganyika kirahisi. Peni kubwa yenye gramu 8 ina tatizo, na sovereni inayonaswa na sumaku si dhahabu. Bandia hazikomi kwenye vitu vya bei kubwa: kabla ya pauni ya pande 12 kutolewa Machi 2017, ilikadiriwa kwamba katika kila pauni 30 za duara zilizokuwa mikononi mwa watu moja ilikuwa bandia. Na mwaka 1887 peni sita mpya ya Victoria ililazimika kubadilishwa, kwa sababu nakshi yake ilifanana mno na ya nusu sovereni, wajanja wakawa wanaipaka rangi ya dhahabu na kuipitisha kwa thamani mara 20.

Daftari ndilo linalotenganisha mkusanyo na rundo. Kwa kila kipande iandikwe siku kilipopatikana, mahali, bei, uzito, hali, na namba yake katika katalogi. Katalogi inayotumiwa zaidi kwa sarafu za Uingereza ni ile inayotolewa kila mwaka na nyumba ya Spink ya London, ambayo kila aina ya sarafu imepewa namba, na wauzaji huitaja namba hiyo badala ya maelezo marefu. Nakala ya mwaka uliopita au wa nyuma zaidi hununuliwa kwa bei ndogo na inafaa kabisa, kwa kuwa namba na picha hazichakai, bei tu ndizo zinazopitwa. Inunuliwe kabla ya sarafu ya kwanza. Kwa sarafu za kale zilizochimbwa ardhini, risiti na historia ya umiliki ni lazima, kwani sheria ya hazina ya mwaka 1996 inamtaka anayekuta Uingereza sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa miaka 300 na kuzidi, katika ugunduzi mmoja, atoe taarifa ndani ya siku 14.

Sarafu za desimali zinamfaa zaidi aishiye Uingereza kwenyewe, Mswahili wa London au Leicester anayezipata katika chenji yake ya kila siku bila kulipa zaidi ya thamani yake. Peni 50 ya pande 7, iliyoanza mwaka 1969, imetolewa kwa nakshi nyingi za kumbukumbu, na ile ya bustani ya Kew ya 2009 ilipigwa 210,000 tu, ndiyo maana hutafutwa sana na ndiyo maana huigizwa sana.

Kwa aliye Afrika Mashariki, mwanzo uko karibu zaidi. Katika nyumba nyingi lipo kopo, sanduku au mkoba wa mzee aliyefanya kazi melini, relini au jeshini, na ndani yake zimo peni, shilingi zenye simba na senti zenye tundu zilizoachwa tangu uhuru. Atakayelifungua asizisugue, asizitoboe kwa ajili ya mkufu, na asizipime kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Azitandaze juu ya kitambaa, asome tarehe na majina moja baada ya jingine, azitafute herufi H na KN, amtafute EDWARDVS VIII, na amuulize mwenye kopo, maadamu yu hai, alizipata wapi, kisha aandike jibu lake.